Neno Kushikana, Kama Nilivyolitumia

Andika kama ninavyosema, wala usinirekebishe mpaka nimalize. Nimeishi na Kiswahili miaka mingi kuliko umri wa mama yako, lakini sikufundishwa na mtu mwenye chaki. Nilikiokota sokoni Garissa, madumu ya maziwa ya ngamia yakiwa mbele yangu, kutoka kwa watu waliotoka bara kuja kufanya kazi kwetu: walimu, wauguzi, makarani, askari. Walinifundisha bila wao kujua. Mmoja alisema "nipimie," nikajua kupima. Mwingine alisema "yameharibika haya," nikajua kuaibika. Waliniigiza nilipoita pole "bole," wakacheka, nami nikawapimia maziwa. Kesho yake walirudi, na neno lao nililibakiza.

Kwa hiyo kila neno nililokuwa nalo lilikuwa na uso wa mtu aliyelisema na mahali aliposimama alipolisema. Neno kushikana nililipata barabarani. Ng'ambo ya mahali nilipouzia palikuwa na shule ya watoto wadogo. Kila adhuhuri mwalimu wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliwapanga kwenye ukingo wa lami kabla ya kuwavusha, akawaambia, "Shikaneni." Watoto wakapeana mikono, wakavuka wakiwa mstari mmoja, na malori yakawasubiri. Nililisikia neno lile kwa miaka, na kwa miaka yote sikumwona mtoto aliyeumia.

Kushika, bila ule mkia wake, nililijua kwa njia nyingine. Lilikuwa neno la polisi. Ilisemwa fulani ameshikwa, fulani wamemshika usiku wa kuamkia Ijumaa, na asubuhi ningeona mke wake amesimama langoni mwa kituo na chakula ndani ya sufuria. Hivyo nikajitungia sheria kichwani. Kushika ni kumnyang'anya mtu mwili wake. Kushikana ni kumlinda asipate madhara. Hakuna aliyenifundisha sheria hiyo na hakuna aliyenipinga, kwa sababu sikupata kuitumia katika jambo lolote zito, hadi nilipoitumia kwa baba yako, mwanangu.

Baba yako wakati huo aliendesha mashine ya maji katika kisima kimoja upande wa Habaswein, karibu na barabara iendayo Wajir. Wewe ulikuwa tumboni. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na mimi nilikuwa nimetoka Garissa kwenda kuwaangalia mbuzi wangu, maana mbuzi anayetunzwa na mtu mwingine hukonda kwa haraka zaidi. Nilikaa pale siku kumi na zaidi. Ninakueleza haya ili ujue kwamba sikusimuliwa. Nilikuwepo, umbali wa kutoka hapa hadi kwenye lile tangi.

Kisima hicho kilichimbwa upya na vijana wa pale, na miongoni mwao alikuwa mmoja ambaye sitamtaja jina. Hakuwa wa ukoo wetu. Yeye na baba yako walishuka pamoja ndani ya shimo lile kwa miezi, mmoja akichimba na mwingine akijaza ndoo, na waliitana walaal, ndugu, kwa namna ambayo hata ndugu wa tumbo moja hawaitani. Alipokuja kwangu aliniita eeddo, kama mtu anavyomwita dada wa baba yake, akanywa chai yangu bila kungoja kukaribishwa, na akalalamika kwamba sukari ni chache. Nilimpenda kwa kiasi. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

Mashine ilikuwa imeharibika siku mbili. Ilipotengenezwa, ngamia walikuwa wamejaa hadi barabarani, na zamu ilipangwa kwa makubaliano. Zamu ilikuwa ya yule rafiki. Aliyefuata alikuwa binamu ya baba yako, mtoto wa shemeji yangu, ambaye alikuwa amefika na ngamia waliotembea siku tatu bila maji. Huyo naye sitamtaja. Alingoja, akangoja, kisha akaanza kusema ovyo. Alimwambia yule rafiki kwamba ngamia wake wamekwisha kunywa na sasa wanachungulia tu. Au wanatafuta samaki? Watu walicheka. Yule rafiki akajibu kwamba wanatafuta adabu, imedondoka humo tangu wewe ufike. Watu wakacheka zaidi, na hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu aliyeanza mzaha hakuwa na mzaha wa pili.

Binamu akamgusia mama yake. Maneno yenyewe hayataandikwa kwa mkono wako.

Yule rafiki aliweka ndoo chini. Hakuitupa, aliiweka polepole, nami nikajua kwamba amekasirika kweli. Akaanza kumwendea. Baba yako akaiacha mashine ikinguruma, akakimbia, akamkumbatia rafiki yake kwa nyuma. Mikono yake ilimzunguka kifuani, na mikono ya yule mwingine ikabanwa ndani. Nilimsikia akimwambia, "Walaal, acha. Walaal, mwache huyo." Alikuwa akimvuta nyuma, na visigino vyao vikachora mchanga.

Binamu alikuja kwa ubavuni. Alikuwa na hangool, ile fimbo yenye panda ambayo tunavutia matawi ya miiba tunapojenga boma. Alipiga mara moja, kichwani. Rafiki alipiga magoti, na baba yako akapiga magoti pamoja naye, kwa kuwa hakumwachia. Hata damu ilipofika kwenye mikono yake hakumwachia. Ilibidi mimi nivitoe vidole vyake, kimoja baada ya kingine.

Binamu alitupa fimbo akatoka mbio kuelekea vichakani, na hadi leo hajaonekana. Wengine husema alivuka mpaka. Baba yako alipanda nyuma ya pikapu pamoja na majeruhi, akakiweka kichwa chake mapajani, wakaenda hospitalini. Siku ya tatu yule kijana akafariki. Polisi walipofika walimkuta baba yako ameketi nje ya ukuta wa wodi, nguo ile ile mwilini. Walimuuliza kama yeye ndiye, akasema ndiye. Hakuuliza ndiye nani.

Sasa tunafika kwenye neno.

Waliniita kituoni kuandika taarifa, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameondoka na mifugo yao na waliobaki hawakujua Kiswahili. Mimi nilijua, na nilijivunia kujua. Afisa aliyeandika alikuwa kijana mpole kutoka bara. Aliniletea kiti kabla hata sijamtazama. Alisema amemtafuta mkalimani, kijana wa duka la jirani, na kwamba ni haki yangu kusema kwa lugha yangu. Nilimjibu kwamba nimeuza maziwa kwa Kiswahili tangu yeye hajazaliwa, na kwamba sihitaji kinywa cha mtu mwingine ndani ya kinywa changu. Yule mkalimani alirudi dukani kwake. Nilimwona akivuka barabara. Ningeweza kumwita.

Nilieleza yote, foleni, mzaha, ndoo. Nilipofika pale ambapo baba yako alikimbia, nilisimama kidogo. Sikusimama kwa kukosa neno, bali kwa kuchagua. Nilikuwa na maneno mawili, na niliyapima kama mtu anavyopima maziwa mbele ya mteja mkali. Nilijiambia kwamba nikisema alimshika, huyu askari atadhani mwanangu alimkamata mtu kama wao wanavyokamata. Nikaliweka kando. Nikachukua lile la watoto wa barabarani.

"Mwanangu alishikana na marehemu," nilisema.

Kalamu yake ilisimama. "Walishikana, mama?"

"Walishikana."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana. Mwanangu ana nguvu."

Niliyasema hayo kwa fahari. Nilitaka ajue jinsi alivyojitahidi. Afisa aliandika, kisha akanisomea pole pole, kama ilivyo wajibu wake: kwamba kulitokea ugomvi kisimani, kwamba mwanangu na marehemu walishikana kwa nguvu, kwamba wakati wakiwa wameshikana, mtu wa tatu alimpiga marehemu kwa fimbo kichwani, kwamba marehemu na mwanangu walianguka pamoja. Akaniuliza kama ndivyo. Nilisema ndivyo, tena nikamsifu kwa kukumbuka. Nikachovya kidole gumba kwenye wino, nikakikandamiza. Hakuandika neno ambalo sikulisema. Watu wengi wa ukoo wetu wamemlaumu kijana yule, nami nimewakataza mara zote.

Baba yako alipelekwa rumande. Ulizaliwa akiwa humo. Nilipokwenda kumwambia kwamba amepata binti, alitazama mikono yake kwanza.

Miezi kadhaa ilipita kabla sijajua nilichofanya. Wakili tuliyempata aliniita, akaniambia kwa upole kwamba kazi yake imekuwa ngumu, kwa kuwa mama mzazi wa mshtakiwa ndiye aliyesema kwamba wawili hao walikuwa wakipigana. Nilimwambia sikusema hivyo. Akanisomea. Nikamwambia, ndiyo, walishikana, mbona kupigana? Kisha akanieleza kwamba watu wakisema wawili wameshikana, na habari yenyewe ni ya ugomvi, maana yake ni kwamba wamevaana, kila mmoja amemkamata mwenzake, na hakuna kati yao anayemlinda mwenzake. Aliongeza kwamba ndoa hushikana, matofali hushikana, watu wa kijiji hushikana wakajenga shule. Lakini mbele ya maiti neno hilo lina maana moja tu.

Nilirudi sokoni. Sikuuza siku ile. Karibu nami alikaa mwanamke wa Lamu aliyepika vitumbua, mtu wa kejeli, ambaye kwa miaka mingi aliniita Bi Maziwa na kuniuliza kila asubuhi kama nimeamka na Kiswahili au nimekisahau kitandani. Nilimweleza kwa sababu lugha ile ilikuwa yake, na mtu akiharibikiwa na chombo humwendea fundi. Alisikiliza huku akigeuza vitumbua. Hakunifanyia kejeli siku hiyo.

"Mwenzangu," alisema, "aliyefanya vile hakushikana na mtu. Alikuwa akiwaamua."

Nilimwambia kuamua ni kazi ya wakubwa, wanaokaa mezani na kusema huyu ana haki, huyu hana. Akasema hiyo ni moja. Ya pili ni hii: watu wakipigana, ukaingia ukawatenganisha, umewaamua. Kwao hata mtoto hulijua. Nilimtaka alirudie. Niliondoka nikilisema njiani kama mtu aliyetumwa dukani na kuogopa kusahau. Alikuwa akiwaamua. Alikuwa akiwaamua. Kwa miaka mingi nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwa mtu mwenye neno lile, na sikuwahi kumuuliza chochote isipokuwa bei.

Siku ya ushahidi nilisimama mahakamani. Safari hii mkalimani aliwekwa kando yangu nami sikumkataa, lakini neno lile nililisema mwenyewe kwa Kiswahili. Mama wa marehemu aliketi benchi la mbele, shela nyeusi, macho makavu. Tulikuwa tunafahamiana; tuliwahi kulala kambi moja wakati wa kiangazi kingine, zamani. Kiongozi wa mashtaka aliinuka. Aliniuliza kama kidole kile kwenye karatasi ni changu. Nilikubali. Akaniuliza kama nilisema walishikana. Nilikubali.

"Na leo unasema alikuwa akiwaamua. Mama, kuamua si ni kazi ya hakimu?"

Watu walicheka. Nilimwambia kwamba hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipofundishwa. Akasema, basi umefundishwa. Nikajua nimejikwaa tena. Baba yako, kizimbani, aliinamisha kichwa.

Hakimu alikuwa mwanamke. Hakucheka. Aliiweka kalamu yake chini, akaniambia niache maneno yote, ya kwanza na ya pili, nimwonyeshe kwa mwili jambo nililoliona. Akamwita askari wa kike aliyesimama mlangoni. Yule binti alikuja, akasimama mbele yangu akinigeuzia mgongo. Alikuwa na urefu wangu. Nikamzungushia mikono kifuani, nikaibana mikono yake ndani, nikamvuta nyuma hatua moja, kama nilivyomwona mwanangu. Hakimu akasema, "Endelea kumshika hivyo." Nikaendelea.

Ndipo nilipohisi. Binti alijaribu kuinua mkono kurekebisha kofia yake, iliyokuwa imeteleza kwa sababu ya kuvutwa. Mkono haukuinuka. Hakuwa akishindana nami. Alitaka tu kukigusa kichwa chake. Nilihisi bega lake likitafuta njia chini ya mkono wangu na kuikosa, kisha likatulia. Kofia ikaanguka sakafuni.

Nilimwachia. Chumba kizima kilikuwa kimeona kwamba mwanangu alimzuia rafiki yake asiende kupigana. Hilo lilithibitika, nililiona usoni mwa hakimu, na wakili wetu alikaa chini kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye matumaini. Lakini nilipogeuka, macho ya mama wa marehemu hayakuwa juu ya uso wangu. Yalikuwa kwenye ile kofia.

Baba yako aliachiliwa. Sitaeleza hukumu, kwa kuwa siijui lugha yake. Ilisemwa kwamba hakuwa na nia mbaya na hakushirikiana na aliyepiga. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha kukaa na kulimaliza jambo la damu kwa desturi yetu, na kwa upande wa wanaume mambo yalikuwa shwari. Alirudi nyumbani kwangu Garissa. Uliwekwa mapajani mwake, na alikushika kama mtu aliyepewa sahani ya moto.

Nilidhani kazi yangu imebaki moja, nayo ni kumtembelea yule mama. Hiyo ni kazi ya wanawake na haifanywi na wazee. Nilikwenda Habaswein. Alinipokea, akanipikia chai, na tulisalimiana kwa urefu unaostahili, watoto, mifugo, mvua. Nilimwambia kwamba mahakama imesema mwanangu alikuwa akiwaamua. Nililisema kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu halikuwa na shida yoyote. Aliweka birika chini.

"Nilikuona ukionyesha," alisema. "Sina neno juu ya hayo. Nina swali moja tu. Mtu akitaka kutenganisha, humshika wa kwao. Wewe unajua, mimi najua. Kwa nini alimshika wangu?"

Usidhani ni swali la hila. Kwetu kila mtoto wa kiume hufunzwa hivyo kabla hajapewa fimbo ya kuchungia. Wakigombana mtu wako na mtu wa watu, mkamate wako. Ukimkamata wa watu, hata kama moyo wako ni mweupe, umemfungia mikono mbele ya jamaa zako. Mimi ndiye niliyemfunza baba yako hayo. Kisimani nilikuwa nimeliona kosa hilo kwa macho yangu, na tangu siku ile sikulikumbuka, kwa sababu nilikuwa nikihangaika na Kiswahili. Niliitengeneza taarifa nzima ili watu wa mahakamani waielewe, wakaielewa, na swali la kwetu likabaki pale pale lilipokuwa.

Nilinywa chai yake, nikamwambia nitamuuliza mwanangu. Akasema atangoja.

Nilimuuliza baba yako jioni niliyofika. Nikamuuliza kesho yake, akatoka. Mimi si mtu wa kubembeleza, unajua, lakini siku ya tano nilimkalia mlangoni, nikamwambia kwamba kuna mwanamke Habaswein ambaye anasubiri, na kwamba akinyamaza atakuwa amemjibu kwa jibu baya kuliko yote. Alikaa chini ukutani.

"Hooyo," aliniita, yaani mama, "binamu yangu sikumwonea hofu. Angepigwa, angeinuka. Nilimshika yule niliyeogopa ataumia."

Nikamwambia, hukukumbuka nilichokufunza?

"Nilikumbuka fimbo ilipotua. Ilipita mwilini mwake ikanifikia mikononi."

Nilirudi Habaswein wiki hiyo hiyo, ingawa magoti yangu yalikuwa yameanza kunisumbua. Yule mama alinikalisha mahali pale pale. Nilimpa maneno ya baba yako kama yalivyo, bila kuongeza na bila kupunguza, kwa kuwa nilikwisha kuona kinachotokea mtu akichagua maneno. Alikuwa ameshika kikombe. Alikaa nacho hadi kikapoa. Kisha aliniambia jambo ambalo sikulitarajia.

"Usimwambie kwamba nimesikia. Mimi nataka kumchukia. Nikikubali kwamba alimpenda, itanibidi nimlilie na yeye, na machozi yangu ni ya mmoja."

Nilimwambia kwamba mwanangu ataniuliza.

"Akikuuliza, mwambie hukunikuta."

Nilimpa ahadi. Ilikuwa haki yake. Hakuwa na kitu kingine cha kuniomba ambacho ningeweza kumpa. Niliporudi, baba yako alikuwa amesimama kizingitini. Hakuuliza kwa mdomo. Nilimwambia sikumkuta, kwamba amehamia malishoni na watu wake. Aliitikia kwa kichwa. Mwezi uliofuata akaniuliza kama amerudi. Nikasema bado. Aliniuliza hivyo kila alipopata nafasi, mwaka ule na mwaka uliofuata, kisha akaacha kuuliza. Alipopata kazi ya duka huko Takaba, mbali kiasi hiki, aliichukua bila kufikiri. Mama yako alikataa kwenda, na sikumlaumu. Baba yako huja Idi kwa Idi. Umemwona alivyo: husalimia watu kwa kuweka mkono kifuani, na wageni husema ni mtu wa dini sana.

Ameishi miaka yote hii akidhani kwamba swali la yule mama halijajibiwa, au kwamba alijibiwa akalikataa jibu. Sijui ni lipi kati ya hayo alilolibeba. Sikuruhusiwa kumuuliza.

Mwezi uliopita yule mama alizikwa. Nilipata habari Alhamisi, na Ijumaa nikakuita ukae na daftari. Ahadi niliyompa ilikuwa yake, na amekwenda nayo. Ningeweza kumpigia baba yako simu, lakini kwenye simu sauti hukatika, naye angesema "haya, hooyo" kabla sijamaliza, kama anavyofanya. Karatasi itamngoja.

Kwa hiyo hapa andika kwa herufi kubwa kidogo, maana macho yake nayo hayako sawa. Mwandikie hivi: Nilimkuta yule mama. Nilimkuta safari ile ya pili, nyumbani kwake, nikampa maneno yako yote, la rafiki na la fimbo. Nilikudanganya kwa amri yake, na kosa la kukudanganya ni langu. Alisikiliza hadi mwisho, kikombe kikiwa mkononi, na hakusema kwamba ni uongo.